Pakavu, Mbali na Maji

Masama, jioni

Aikaeli, binti yangu,

Naanza kuandika jua likiwa bado juu ya migomba. Saa hii ya jioni siipendi tangu vitani, na nikiingoja ipite lazima mikono yangu iwe na kazi. Nimekaa kwenye kigoda nyuma ya zizi. Wageni wanadhani nakata majani ya ng'ombe. Ndani shangazi zako wanaimba, baba yako mkubwa ameshika kata ya pombe ya mbege na haiachii, na Silvesta mumeo amekaa katikati yao, anacheka kila mzee anapocheka. Ni mkwe mwema. Nilimkubali pamoja na Ukatoliki wake na sijajuta hata siku moja.

Ningekuita tuongee, lakini unanijua. Nikiogopa napiga kelele, nikipiga kelele mama yako analia, na mama yako akilia wataacha kuimba waje kuuliza kulikoni. Kwa hiyo naandika. Mama yako ameshakupa maneno yote ya safari tangu juzi: chumvi ifungwe wapi, mtoto avikwe nini kwenye lori, mama mkwe asalimiwe vipi mtakapopita Tarakea. Hayo nayaruka. Isitoshe, ukinifuata mimi kwenye mambo ya chumvi mtakula chakula cha hospitali.

Nina jambo moja tu, na nakuomba ulisome lote kabla hujafunga mzigo. Naiogopa nyumba mnayokwenda kuishi. Na tangu jana mchana namwogopea mumeo pia.

Jana, wewe ukiwa jikoni na wanawake, baba yako mkubwa alimtaka Silvesta atueleze nyumba aliyokujengea. Silvesta akanawa mikono, akakaa sawa, akasema huku akinitazama mimi.

"Nilifuata neno la Baba. Siku ya posa aliniambia, jenga pakavu, mbali na maji. Sasa pale penye duka langu kuna korongo, na wenzangu wamejenga karibu nalo. Mimi nikapanda juu. Ni pakavu kabisa, huoni hata mbu. Kuna vichuguu vitatu vikubwa, kimoja kinanipita urefu, na nyumba nimeiweka katikati yao, vinatukinga upepo. Udongo wa kukandikia nimechimba hapo hapo. Jioni nikifunga duka naegemea kile kikubwa, kina joto zuri kweli."

Wazee wakamsifu. Baba yako mkubwa akasema mkwe huyu ana akili, anasikia la mkubwa. Wote wakanigeukia, maana neno lililosifiwa ni langu. Nilirudisha nyama kwenye sahani, Aikaeli. Nilikunywa maji nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari tu, watu wa huko wanaumwa nini.

"Homa za kawaida, Baba. Jirani yangu ana watoto wawili, homa zao haziishi, kwinini haiwasaidii. Matumbo yamewavimba. Wanasema ni minyoo."

Hakuna aliyeona kitu, ila mama yako alipopita na sinia alinitazama usoni akaenda zake bila kuniongeza chakula.

Neno lile ni langu, siwezi kulikana. Unajua sisi wa huku juu tulivyo. Mtu anateremka alfajiri kwenye shamba lake la mahindi porini, na jua likianza kulegea anakusanya majembe anapanda kurudi nyumbani, kwenye kihamba chake cha migomba. Huko chini halali. Akilazimika kulala, anatafuta mwinuko mkavu, mbali na mfereji na mbali na majaruba ya mpunga, kwa sababu ya mbu. Baba yangu aliniambia hivyo, naye aliambiwa na baba yake. Wakati wa posa Silvesta alikuwa na mpango wa kufungua duka Kahe, kwenye maji na mbu, na kwa Kahe neno langu lilikuwa sawasawa. Halafu huko Kahe akakosa kiwanja. Akarudi kwao Tarakea, akavuka mpaka, akateremka upande wa pili mpaka nchi kavu ya Wakamba. Neno langu akalibeba vile vile. Angepaswa kupata na nusu yake ya pili, ila siku ya posa watu walikuwa wanakunywa na kufurahi, na nusu ya pili ina mtu aliyekufa ndani yake. Nikaona nisiwaharibie. Nilidhani ni adabu.

Sasa pokea wewe hiyo nusu ya pili.

Unajua kwamba wakati wa vita nilikuwa koplo, na unajua niliugua. Nimewasimulia ngamia, nimewasimulia yule mpishi aliyepika buti, mkacheka mpaka mkalala. Sikuwahi kuwasimulia juu ya Rajabu vizuri. Alikuwa mtu wa Kahe, mrefu, mvivu wa kuongea, mkono wake mwepesi kwa kila kazi. Tulikuwa wawili tu kutoka huku kwetu kwenye kikosi kile, kwa hiyo tulikuwa ndugu, ingawa kila siku nilimtania kwamba Wakahe wamezaliwa na mbu mdomoni. Yeye alinijibu kwamba sisi wa mlimani tukiona tambarare tunapata kizunguzungu.

Tulipelekwa kaskazini kabisa, nchi ya jua na miiba, karibu na mpaka wa Uhabeshi. Jioni moja nikapewa watu wangu na nikaambiwa nichague pa kupiga hema, tutakaa hapo mpaka amri ije. Palikuwa na mto mkavu wenye madimbwi mawili matatu, na ukingo wake ulikuwa wazi, upepo unapita. Rajabu akatua mzigo wake pale.

"Koplo, tulale hapa. Upepo huu tutaupata wapi tena?"

Hakuwa anajua lolote zaidi yangu, usije ukamfanya nabii. Joto lilikuwa limemshinda tu, akataka upepo. Mimi nikatazama yale madimbwi nikaona mbu, nikaona homa, nikaona mauti. Nikamcheka mbele ya wenzake. Nikasema mtu wa Kahe akiona dimbwi anaona kwao. Nikawapandisha wote juu, penye ardhi kavu, nyuma ya vichuguu vilivyotukinga upepo. Nilijiona fundi. Jioni tuliketi tukaegemea vichuguu vile, vina joto, tukala, tukavuta sigara, tukaongea habari za nyumbani. Mbu hakuonekana hata mmoja. Tulikaa pale wiki kadhaa, na kila jioni niliwauliza, mbu yuko wapi? Nao walinipigia saluti ya mzaha.

Kulikuwa na vidudu vidogo mno vinavyorukaruka kwenye ngozi. Vinauma kama cheche, kisha vimeshapotea. Tulijikuna tukaendelea na maneno yetu.

Miezi ikapita, tukahamishwa, na tukiwa tumeshasahau mahali pale homa ikaanza. Rajabu alitangulia. Homa inampanda, inashuka, siku hiyo hiyo inapanda tena, na katikati yake anatembea na anakula. Hilo ndilo lililonidanganya. Nilimpa kwinini. Alipozidi kukonda nikamwambia anaiga maradhi ili arudishwe nyumbani. Nilimwambia hivyo mbele ya watu, Aikaeli, mtu aliyeninywesha maji yake. Siku moja alinishika mkono akauweka ubavuni kwake kushoto, chini ya mbavu. Nikakuta kitu kigumu kimejaa pale, kina ukingo kabisa, kama kibuyu kimefichwa ndani ya shati.

"Kaka," akaniambia, na hakuwahi kuniita hivyo, "hiki nacho naiga?"

Alikufa kabla hatujafika hospitali ya maana. Mimi na wengine watatu tulianguka baada yake. Nililazwa Nairobi, nikachomwa sindano kila siku kwa wiki nyingi, dawa inayokufanya ukohoe na kutapika, na wewe umeyaona makovu ya mishipa mikononi mwangu, ulikuwa unayafuata kwa kidole ukiwa mdogo. Waliniambia ni kalaazari, homa inayovimbisha bandama. Nilipona. Kwa miaka mingi nikaamini ni balaa lililotokea tu, kama mti kumwangukia mtu.

Vita ikiwa imekwisha kitambo, Mzungu mmoja wa serikali aliyekuwa akichunguza wadudu alitutafuta sisi tuliopona, tumwonyeshe tulikolala. Nilikwenda. Mama yako alikasirika mwezi mzima. Nikamwonyesha vichuguu vyangu, bado vimesimama. Jioni yule bwana akatoa karatasi nyeupe, akazipaka mafuta ya nyonyo, akaziweka kwenye midomo ya yale matundu mchwa wanayoyaacha ya kupumulia. Kulipopambazuka akaniita. Karatasi zilikuwa zimejaa vidudu, vidogo kuliko punje ya ulezi, rangi ya mchanga, vimejaa manyoya, mabawa yamesimama juu. Usubi. Nikaulizwa kama nawafahamu. Nilikaa chini. Nililia mbele ya Mzungu, na sikuona haya.

Nakueleza alivyo, kwa sababu utaishi naye na hutamsikia. Usubi huyu halii sikioni kama mbu. Haruki mbali, anadundadunda, hatua chache tu kutoka kwake, na upepo kidogo unamshinda. Laiti tungelala pale penye upepo wa Rajabu! Mchana amejificha ndani ya kichuguu, kwenye ubaridi na unyevu, na kwenye nyufa za kuta. Jua likizama anatoka. Jike ndiye anayeuma, anataka damu kwa ajili ya mayai yake. Na mayai yake, sikia hapa, hatagi majini. Anataga kwenye udongo wenye giza ndani ya tundu lile lile, na watoto wake wanakulia humo kwenye taka za udongo. Mtu wa mlimani anaweza kukausha mifereji yote ya dunia na asimpunguze hata mmoja. Tulipokuwa tunakimbia maji, yeye alikuwa anatungoja pakavu.

Akimuuma mgonjwa, kisha akamuuma mzima, ameshahamisha homa. Na hapo jirani yenu kuna watoto wawili.

Leo asubuhi nilijikaza. Nilimkuta Silvesta anatazama kahawa, nikamsindikiza kwenye mstari nikamwambia haya kwa sauti ya chini, sikupiga kelele, ungenisifu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Baba, nyumba nimeipulizia dawa ndani yote, ile ya DDT, nilinunua mwenyewe. Na mtoto nimemnunulia chandarua kipya. Mimi nimelala kule mwaka mzima na mbele yako nimesimama."

Nilimweleza kwamba tundu la chandarua kwa usubi ni mlango wa kanisa. Nilimweleza kwamba dawa ya ukutani naifahamu, nimebeba bomba la kupulizia mgongoni huko chini kwa misimu miwili, na inafanya kazi kwa anayelala ukutani. Usubi wa kwake analala ndani ya kichuguu, akitoka anamkuta mtu ameegemea mlangoni pake, anakula anarudi. Atakutana na dawa saa ngapi? Silvesta akatabasamu kwa heshima. Akasema tutaangalia, Baba. Unajua maana ya tutaangalia. Na mimi ningemlaumuje? Alichoshika ni neno langu mwenyewe, na mzee mwenye neno ndiye huyo huyo anakuja kulivunja kati ya mibuni, peke yake, siku moja kabla ya safari. Hata mimi ningedhani mzee anatafuta sababu ya kumzuia mjukuu.

Sitaki kumzuia mjukuu. Naam, nataka. Nikimwona Eliamani anavyojaribu kukaa mwenyewe na kuanguka kama mkungu, nataka kumfunga kwenye nguzo ya nyumba hii mpaka awe na ndevu. Lakini ni mtoto wa Silvesta, na wewe ni mke wa Silvesta, na mwaka mzima umekaa hapa ukiulizia lori kila Jumamosi. Nenda. Ila usiende kama mimi nilivyokwenda.

Nikuambie sasa lililonikosesha chakula. Tulipokuwa tunapanda kurudi kutoka kwenye kahawa, Silvesta alisimama mara mbili. Kijana wa Tarakea, Rombo, amezaliwa kwenye mteremko, anasimama kupumua kwenye kilima cha wanawake wa kuchota maji! Mkanda wake umetobolewa tundu jipya, na tundu lenyewe limetobolewa kwa msumari. Jana mchana alivaa koti, wazee wote wamefungua vifungo. Na alipoinama kuokota kofia ya baba yako mkubwa aliweka kiganja ubavuni kushoto, akakiondoa haraka alipoona namtazama.

Huenda ni safari. Huenda ni malaria ya kawaida, huenda ni chakula cha mtu anayejipikia. Nimejiambia hayo yote. Nilimwambia Rajabu hayo yote pia.

Mimi siwezi kumgusa. Mkwe hamshiki mkwewe tumbo, hata kama ningekuwa daktari wa mfalme. Nikimwomba avue shati mbele yangu nimemvunjia heshima, na wazee wake wa Tarakea watasikia kabla lori halijafika. Mama yako ndiyo kabisa, yeye hata kumpita karibu anajifunika. Nyumba nzima hii, yenye watu wote hawa wanaompenda, mwenye ruhusa ya kuweka mkono pale ni wewe peke yako. Na tangu aje amelala kwa baba yako mkubwa kwa sababu ya wageni, kwa hiyo najua hujamgusa.

Na wewe unajua kugusa. Unakumbuka Jumapili? Kabla ya kanisa nilikuwa nawapanga wewe na kaka zako kitandani, chali, magoti juu, nawabonyeza tumbo mmoja mmoja. Mlidhani ni mchezo. Mlikuwa mnacheka mpaka mnanipiga mateke, na mama yako akisema huyu mwanamume vita vilimharibu. Ilikuwa ni hofu, mwanangu. Ulipopata homa ile ya masika, ukiwa na miaka michache tu, nilikubonyeza kwa nguvu mpaka ukalia, na nikakukimbiza Moshi mgongoni usiku ule ule, wakasema ni malaria, wakanicheka. Nilifurahi kuchekwa. Halafu ukapona, ukawa unanilaza mimi, unanibonyeza kwa vidole vyako vidogo, unasema, "Baba ni laini." Bandama yangu ilikuwa imesharudi mahali pake. Unajua laini ni nini. Nataka uutumie mkono huo huo.

Mwambie alale chali, magoti juu, avute pumzi. Anza chini, karibu na nyonga, vidole vilale, usichomeke. Panda polepole kuelekea mbavu za kushoto. Akiwa mzima hutakuta kitu, utafika kwenye mbavu kwa ulaini. Akiwa si mzima, akivuta pumzi kitu kitakuja kukugonga vidole. Kina ukingo. Hutauliza mtu kama ndicho.

Ukikuta ni laini, namshukuru Mungu, na mtakwenda zenu. Lakini msilale kwenye nyumba ile. Laleni dukani, juu ya kaunta kama ni lazima, mlango wa upepo ukiwa wazi. Mtoto umshonee chandarua cha kitambaa cha marekani, si cha matundu. Atatoka jasho, atalia, mwache alie. Jioni ya kwanza kabisa chukua karatasi nyeupe, ipake mafuta ya nyonyo, chupa nimeiweka kwenye kapu lako chini ya mahindi. Iweke kwenye tundu la kile kichuguu anachokisifu. Usibishane naye hata neno moja. Alfajiri mwite aje aone. Mimi mahindi yakishavunwa nitavuka Tarakea na sururu yangu, na tutavichimba vyote vitatu mpaka kwa malkia wao, maana ukiziba matundu tu mchwa wanayafungua upya kwa siku chache. Nilisema sitateremka tena nchi ile. Nimesema mengi.

Ukikuta ni kigumu, usilie na usimwambie mgeni yeyote. Lori la asubuhi litawafikisha Moshi. Hapo mshuke na msipande la Tarakea. Mpeleke hospitali, na umwambie daktari neno kalaazari kwa mdomo wako, hata wakisema ni malaria, hata wakikucheka. Duka litafungwa, bidhaa zitaharibika, wazee wataongea. Waache. Hii inatibika ikiwahiwa. Mimi ni ushahidi wake, nimekaa hapa nakata majani ya uongo. Rajabu hakuwahiwa, na aliyemchelewesha alikuwa mtu anayempenda.

Atakataa. Mwanamume aliyekuja kuchukua mke hataki kulazwa chali siku ya safari abonyezwe tumbo kama mbuzi wa kununuliwa. Kwa hiyo nimekata jani la isale pale kwenye mpaka wa kihamba, nimelifunga fundo, nimeliweka ndani ya barua hii. Wa Masama na wa Rombo hatusikilizani maneno yote, lakini isale ni ile ile. Mpe mkononi. Mwambie limetoka kwa baba mkwe, anamwomba msamaha kwa sababu alimpa neno nusu. Aliyeombwa kwa isale hakatai, na yeye amelelewa vizuri.

Giza limeingia, sioni tena mistari vizuri, na mama yako ananiita kwa ile sauti yake. Barua hii atakuletea yeye, hajui kusoma kwa hiyo hatalia. Nimemwambia baba yako mkubwa kwamba alfajiri nina haja na chumba chake, awatoe wageni wote nje wakanywe chai chini ya migomba, kwa sababu binti yangu anataka kuwa na mumewe faraghani kabla ya lori. Alinicheka sana. Mwache acheke.

Mimi nitakuwa nje, upande wa ukuta, nitajifanya nakaza kamba za mzigo. Usiniite. Ukitoka, usiseme kitu mbele ya watu. Ukifunga kapu la mtoto kwa kamba ya katani nitajua ni Tarakea. Ukilifunga kwa khanga nitajua ni Moshi, na nitapanda lori pamoja nanyi bila kuuliza, koti langu nimeshalivaa.

Baba yako